Kanisa Jipya Mara: Nani Anafuatwa, Nani Anapitwa

Ukitoka Musoma mjini Jumapili asubuhi, ukapita Makutano na Kiabakari mpaka Bunda, spika za ibada zinakusindikiza karibu njia nzima. Nyingine zimefungwa kwenye kanisa la matofali lenye ukumbi wa parokia pembeni. Nyingine ziko kwenye banda la mabati lisilo na kuta, turubai limening'inizwa upande wa jua, viti vya plastiki safu sita na kinanda kimoja. Wasabato hutawasikia, maana wao walikwisha kusali jana yake. Kwa macho tu, Mara haina upungufu wa makanisa. Na bado kila mwaka hakosi mtu anayeshuka kwenye basi Bunda au Butiama, ametumwa na dhehebu lake au amejituma, akasema amekuja kufungua kanisa kwa ajili ya watu wasiofikiwa.

Kauli hiyo inastahili kupimwa, ila mizani yake si rahisi kuipata. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara, kutoka 1,743,830 wa 2012, lakini haikumuuliza mtu dini yake. Sensa za Tanzania ziliacha kuuliza dini baada ya ile ya 1967. Asilimia za "wasiofikiwa" unazozikuta kwenye maombi ya misaada ni makisio ya mwandishi wa maombi hayo. Kinachoweza kuchunguzwa ni jambo la karibu zaidi: kanisa jipya likifunguliwa kijijini, nani huingia mapema, na nani bado yuko nje miaka kumi baadaye.

Ukilifuatilia swali hilo huku, jibu linajirudia. Huingia wanawake, huingia wanafunzi, huingia wahamiaji waliokwisha kubatizwa kwingine. Hupitwa wazee wenye wake zaidi ya mmoja, wavuvi wa mialo, na kwa kiasi kikubwa vijana wa kiume wanaochunga. Wahubiri si wavivu. Kanisa huku limekuwa likigota palepale kwa zaidi ya miaka mia moja, nami naona mahali penyewe ni kwenye ndoa kuliko kwenye mafundisho.

Ukristo uliingia Mara kwa njia ya ziwa. Nasa, kwenye Ghuba ya Speke, kusini ya Bunda ya leo, palikuwa na kituo cha Waanglikana wa CMS tangu 1888. Mwaka 1909 walikikabidhi kwa African Inland Mission, mzazi wa AICT tunayoijua sasa. Miaka hiyohiyo Waadventista Wasabato kutoka Ujerumani waliingia Majita, wakaendelea Busegwe na Ikizu. Mapadre Weupe, waliokwisha kuota mizizi Ukerewe, walifungua Nyegina mwaka 1911. Wamennonite wa Marekani walichelewa: Elam Stauffer na Orie Miller walifika 1934, wakawauliza waliowatangulia, akiwamo Emil Sywulka wa AIM, ni wapi hapajakaliwa na misheni. Wakaelekezwa kaskazini, wakajenga kilimani Katuru, Shirati. Miaka michache baadaye walikuwa na vituo Bukiroba na Mugango, jirani na Musoma.

Tuuangalie utaratibu huo, kwa sababu leo haupo. Aliyekuja kupanda kanisa aliuliza kwanza nani yuko wapi. Ulikuwa ugawaji wa wageni juu ya ardhi ya wenyeji, na hakuna aliyewauliza Wajita kama wanataka Usabato au Wakwaya kama wanautaka Ukatoliki. Hata hivyo uliacha ramani inayosomeka mpaka sasa. Dhehebu la mzee wa Majita au wa Mugango mara nyingi linakueleza babu yake alisomea shule gani.

Maana shule ndiyo iliyokuwa mlango. Kituo cha misheni kilikuwa kilima, shule, zahanati, shamba la matunda na kengele, na watu walipanda kilima kwa ajili ya shule kwanza. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mtoto wa Butiama, Julius Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akawa anakwenda Nyegina kusoma dini. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Mtemi alifariki 1942, na Julius akabatizwa Nyegina Desemba 1943, miaka tisa baada ya kuanza shule. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, naye alibatizwa baadaye, akaitwa Christina. Mwana aliingia kwa mlango wa shule, mama akaingia nyuma ya mwanawe, na kwa baba mwenye wake 22 kanisa la siku zile halikuwa limeweka mlango wowote. Ukienda leo kwenye boma lolote la mzee wa makamo Butiama au Ikizu, utakuta mpangilio huohuo umerudiwa kwa kipimo kidogo zaidi.

Mlango wa shule ulifungwa na Serikali. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa taifa, na Operesheni Vijiji ilipofika Mara mwaka 1974, watu wenyewe walihamishwa. Kilima cha misheni kikabaki na kanisa na makaburi ya mapadre, waumini wakawa kilomita kadhaa mbali, kwenye mistari mipya ya nyumba. Naona huu ndio mwaka ambao kupanda makanisa kwa maana ya sasa kulianza Mara. Kabla yake watu walilifuata kanisa. Baada yake kanisa lililazimika kuwafuata.

Madhehebu yaliyokuwa tayari kwa hilo ni yale ambayo walei wake walikwisha kujifunza kutembea. Uamsho uliotokea Rwanda na Uganda ulifika Shirati mwaka 1942, ukashuka mpaka Bukiroba na Mugango. Walokole, watu wa uamsho huo, hawakusubiri mchungaji mzungu awapange. Walitembeleana, wakatubu hadharani, wakakaa pamoja Mmennonite na Mwanglikana bila kuulizana kadi. Kutoka kizazi hicho ndiko alikotoka Zedekia Kisare, aliyewekwa wakfu 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamennonite Tanzania.

Upande wa Wakatoliki somo lilitoka mahali ambapo wengi hawakulitegemea. Miaka ya 1960 mtafiti wa Kifaransa, Marie-France Perrin Jassy, alifanya kazi katika parokia za Wajaluo kaskazini ya Mara, ndani ya Jimbo la Musoma lililoundwa 1957 na kuongozwa na Askofu John Rudin wa shirika la Maryknoll. Alichunguza makanisa huru yaliyokuwa yakienea kutoka Kenya na kuwavuta waumini wa misheni. Kilichowavuta, alivyoeleza, ni udogo wa makanisa hayo: kundi la watu wanaojuana kwa majina, wanaomuuguza mgonjwa wao na kumzika maiti wao. Kazi yake ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1973. Parokia za eneo lile zilianza kuunda vikundi vidogo vya nyumbani kabla maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki (AMECEA) hawajaifanya jumuiya ndogondogo kuwa sera ya eneo zima. Mkatoliki wa Dodoma au Kampala anayekwenda jumuiya kila wiki hajui kwamba sehemu ya desturi hiyo ilipikwa Mara, tena kwa kuwaiga "waasi".

Sasa hivi kanisa huzaliwa Mara kwa njia kama tatu, na kila moja ina namna yake ya kufaulu na ya kuzorota.

Kigango cha Kikatoliki huzaliwa polepole. Familia chache zilizochoka kutembea mwendo mrefu kwenda misa zinaanza kusali nyumbani kwa mmoja wao, katekista anapatikana, padre anafika mara moja kwa mwezi au miezi miwili akiwa na pikipiki na sanduku la misa. Inaweza kupita miaka kabla ya kuwa na jengo. Lakini siku jengo linapofunguliwa, kigango kina mwenyekiti, mhazini, kwaya na deni la saruji, yaani kimekwisha kuwa kanisa. Jimbo la Bunda lenyewe, lililomegwa mwaka 2010, ni zao la vigango vilivyokua vikawa parokia, parokia zikalemea jimbo mama.

Wasabato wana efoti. Kwa takriban wiki tatu, kila jioni, uwanja wa kijiji unapata jenereta, skrini na mhubiri. Somo la afya hutangulia: sukari, shinikizo la damu, pombe. Wanaume wanaokuja kusikiliza habari za presha hubaki kusikiliza kitabu cha Danieli. Ni ufundi, na unafanya kazi. Mwishoni kuna ubatizo wa maji mengi, ziwani au mtoni, na waliobatizwa hukabidhiwa kwa kanisa mama kama kundi mpaka watakapokomaa na kuundwa kuwa kanisa. Udhaifu wa efoti uko kwenye hesabu yake. Idadi inayopelekwa juu ni ya siku ya ubatizo, siku watu wanapokuwa wengi kuliko siku nyingine zote. Anayetaka kujua ukweli akawahesabu kwenye makambi ya mwaka unaofuata.

Njia ya tatu ni ya Wapentekoste: TAG, EAGT ambayo Moses Kulola aliianzisha 1991 baada ya kuachana na TAG, PAG, FPCT na huduma nyingi zisizo na herufi zinazojulikana. Mchungaji na mkewe wanapanga vyumba viwili. Wanaomba darasa la shule ya msingi kwa Jumapili, wanafuta ubao wa hesabu na kuandika andiko la siku. Baada ya miezi kadhaa mwalimu mkuu anaanza kulalamika madawati yanavunjika, ndipo kiwanja kinatafutwa, nguzo zinasimamishwa, mabati yanapandishwa juu yake. Kwenye taarifa za dhehebu utasoma jina la mchungaji. Ukikaa kijijini wiki moja utagundua kazi kubwa anaifanya mama mchungaji. Ndiye anayemfikia mzazi aliyejifungua, anayefundisha watoto, anayepika wageni wa kanisa mama wakija kukagua, na anayeuza nyanya au dagaa mezani mbele ya nyumba ili kodi ilipwe. Makanisa mengi machanga ya Bunda yanaishi kwa genge la mama mchungaji, na sijaona dhehebu linaloliandika hilo kwenye bajeti.

Hapo tunafika kwa wanaolibeba kanisa. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya Mara kwa miaka mingi, ameeleza katika kitabu chake cha 2019, *Claiming Civic Virtue*, kwamba wanaume wazee walimsimulia historia ya koo na mipaka, ilhali wanawake walimsimulia historia ya watu: nani aliolewa wapi, nani alimpokea nani njaa ilipoingia. Mkoa huu una makabila madogo yaliyobanana, Wazanaki, Waikizu, Wajita, Wakwaya, Wakabwa, Wasimbiti na wengine wengi, na kinachoyaunganisha ni mabinti wanaoolewa ng'ambo ya mto. Kanisa lilisafiri kwenye njia hizo. Binti wa Kisimbiti kutoka Baraki, Maria Gabriel, alisoma Nyegina, na mwaka 1953 aliolewa na Julius, yule Mzanaki wa Butiama. Wako maelfu wa namna yake ambao majina yao hayakuandikwa. Kila mmoja aliingia kwa wakwe zake na sala mdomoni, na kabla mwinjilisti hajafika kijijini tayari kulikuwa na nyumba moja inayojua kuimba. Waikizu wana sababu ya kutoshangazwa na haya: katika masimulizi yao, mvua na utemi vililetwa na mwanamke mgeni, Nyakinywa, aliyetoka Kanadi.

Ila mwanamke huyohuyo hana kiwanja. Kanisa linaloanza na wanawake 30 litafika siku ya kutafuta ardhi, na ardhi ni ya mume, au ya ukoo wa mume, na mume anakunywa chai chini ya mti akisubiri kuombwa. Mara nyingine anatoa kwa moyo mweupe. Mara nyingine anatoa kwa mdomo, kanisa linajengwa, anafariki, na wanawe wanakuja na jembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ina utaratibu wa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na mtendaji wa kijiji anaujua. Mchungaji mwenye haraka huupita pembeni kwa sababu mkutano unachukua muda. Kesi za viwanja vya makanisa nyingi huzaliwa kwenye haraka hiyo.

Mume huyo chini ya mti ndiye kiini cha uchambuzi huu. Tuseme ana wake watatu, ng'ombe, na heshima ya kusikilizwa kwenye baraza. Anamheshimu Mungu, amesomesha watoto shule za misheni, amechangia mabati ya kanisa la mke mdogo. Akitaka kubatizwa anaambiwa achague mke mmoja. Wale wawili waende wapi? Mmoja ana umri wa miaka 60 na kaburi la mwanawe liko nyuma ya nyumba yake. Mahari yao ni ng'ombe walioozesha kaka zao. Kuwarudisha ni kuvunja nyumba nyingine mbili au tatu. Mzee akisema hapana, haikatai Injili, anakataa kuwa mtu mbaya kwa watu aliowaahidi kuwatunza. Wakatoliki, Wamennonite na Wasabato wote wamemkabili kwa sharti hilo. Makanisa huru ya asili ya Kijaluo yalimpokea na wake zake, na hii ni sababu mojawapo ya kukua kwao ambayo madhehebu makubwa hayapendi kuitaja.

Waanglikana walijaribu kulifungua fundo. Mkutano wa Lambeth wa 1988, kwa hoja iliyowasilishwa na Askofu David Gitari wa Kenya, uliruhusu mwanamume wa mitala abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake, mradi aahidi kutooa tena maadamu wake zake wa wakati ule wako hai, asilazimishwe kumfukuza yeyote, na jamii ya Kikristo ya mahali pale ikubali. Dayosisi ya Mara ilikuwa na miaka mitatu tu wakati huo, iliundwa 1985. Azimio lile nalihesabu kuwa mojawapo ya maamuzi machache ya kanisa la dunia yaliyofikiriwa kwa kumtazama mtu kama mzee wetu wa Butiama. Kulitekeleza ni habari nyingine. Kifungu cha "jamii ya mahali pale ikubali" kinampa nguvu yule mama aliyemwacha mume wa mitala ili abatizwe, miaka 20 iliyopita, na ambaye sasa anaulizwa kama mwanamume wa namna hiyo aingie bila kuacha chochote. Ana haki ya kusema hapana.

Kwa wajane fundo ni gumu zaidi. Padre Michael Kirwen wa Maryknoll alichapisha mwaka 1979 utafiti uitwao *African Widows*, kuhusu jamii nne, wakiwamo Wakwaya wa Musoma, Wajaluo, Wakurya na Wasukuma. Hoja yake ilikuwa kwamba mjane anayekaa na ndugu wa marehemu haolewi upya. Ndoa yake ya kwanza inaendelezwa, marehemu bado ndiye mume, na kanisa lilikosea kumhesabu mjane huyo kuwa mzinzi na kumnyima sakramenti. Ukimwi ulipoenea mialoni na mijini, hoja hiyo ilipata mpinzani mwenye nguvu kuliko mafundisho ya ndoa. Wanawake wengi sasa wanakimbilia kanisa jipya hasa kwa sababu linawapa ruhusa ya kumkataa shemeji. Kwa hiyo sharti lilelile linalomzuia mzee kuingia ndilo linalomvuta mjane ndani. Mpandaji wa kanisa anayesema atawapokea wote kwa pamoja hajakaa nao kwenye kikao kimoja.

Wavuvi wana shida nyingine kabisa, na inashangaza jinsi isivyotiliwa maanani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mtumbwi unarudi alfajiri, wanawake wanapokea ndoo na kuanika mchangani kabla jua halijawa kali, wanaume wanakula na kulala. Mhubiri anayepiga kengele saa nne asubuhi mwaloni, Bwai au Kibara, anawahubiria waanikaji. Mbalamwezi ikifika, uvuvi unasimama kwa siku kadhaa kila mwezi; hapo vijana wana fedha na hawana kazi, na aliyejiandaa kuwapokea ni mwenye baa. Sijui dhehebu lenye ratiba ya ibada inayofuata mwezi, ingawa lile la Jumamosi na lile la Jumapili yote mawili yana kalenda ndefu za mikutano. Zaidi ya hapo mvuvi huhama na dagaa. Aliyebatizwa Musoma Machi anaweza kuwa Ukerewe Juni, na dhehebu linalohesabu waumini kwa daftari la kijiji litamwandika kuwa amerudi nyuma.

Lugha nitaipita haraka, maana huku Kiswahili kimekwisha kushinda mjini. Bunda, penye Msukuma, Mjita, Mkurya na Mhaya kwenye benchi moja, hakuna njia nyingine. Lakini kijijini wazee huzungumza mambo mazito kwa lugha yao, na kanisa linalojua Kiswahili tu huonekana ni jambo la shule. Wajita walipata Agano Jipya lao tangu miaka ya 1940. Wengi wa majirani zao walisubiri hadi ofisi ya tafsiri ya SIL ilipofungua kazi Musoma miaka ya 2000 na kuzishughulikia lugha kadhaa ndogo kwa pamoja, zikiwamo Kiikizu, Kizanaki na Kisimbiti. Wahubiri vijana wanavichukulia vitabu hivyo kama kumbukumbu ya utamaduni. Wangevisoma kwenye misiba, mahali pekee ambapo mzee wa mitala hukaa saa nzima akisikiliza neno.

Kuhusu sheria hakuna mengi. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, inataka taasisi ya dini isajiliwe kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwenye dhehebu lililosajiliwa hufungua tawi chini ya cheti hicho, na anayejitegemea huanza safari ya barua, katiba na wadhamini. Uangalizi umekaza, na kwa sababu. Februari 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana Moshi wakiwahi mafuta ya upako. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, Kilifi, ulifukuliwa maiti zaidi ya 400 za wafuasi walioshawishiwa kufunga mpaka kufa. Rwanda ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya 2018 inayodai elimu ya theolojia kwa viongozi, na maelfu ya nyumba za ibada zikafungwa. Tanzania haijafika huko. Mwenyekiti wa kijiji cha Butiama, hata hivyo, naye anasikiliza redio. Akimwona mgeni mwenye spika anamuuliza maswali ambayo baba yake hakumuuliza padre wa Nyegina, na mgeni mwenye akili hujibu yote kabla ya kuomba eneo la mkutano.

Fedha zina historia yake. Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Dayosisi ya Wakefield, Uingereza. Kiabakari, ndani ya Wilaya ya Butiama, mapadre kutoka Kraków, Poland, walijenga kituo cha hija cha Huruma ya Mungu ambacho kinajaza mabasi. Urafiki wa aina hii umejenga visima na shule, na kuubeza ni utovu wa adabu. Wasiwasi wangu uko kwenye misaada midogo isiyo na urafiki: kundi linakuja wiki mbili, linajenga paa, linapiga picha, linaondoka. Paa likitangulia watu, waumini wa kwanza wanajifunza kwamba jengo lina mwenyewe mahali pengine. Bati likitoboka wanaandika barua. Kwenye kanisa lililochangiwa debe la mahindi na kuku, bati likitoboka mtu anapanda juu.

Nimeacha jambo moja la mwisho, linalomgonganisha mzee chini ya mti na mabinti wa nyumba yake. Ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, lakini katika sehemu za Mara umeendelea, na msimu wake ni Desemba, shule zikifungwa. Mwaka 2014 Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua Nyumba Salama Mugumu, Serengeti, chini ya Rhobi Samwelly, aliyekeketwa mwenyewe akiwa msichana. Baadaye shirika analoliongoza lilifungua nyumba nyingine Butiama. Mabinti wanakimbia usiku, wengine wakiwa wameelekezwa na mwinjilisti wa kijiji au mama wa kwaya. Kwa mzee, kanisa hilo limeiba mtoto na ng'ombe wa mahari kwa pamoja, na hawezi kuambiwa kwamba ni kanisa jingine, kwa sababu kwake misalaba yote ni mmoja. Mchungaji mgeni aliyekuja Bunda kwa mpango wa kuwapata wazee kwanza atagundua, ikifika Desemba, kwamba binti wa mwenyeji wake amelala sakafuni sebuleni kwake.

Msimu ukipita huanza kazi isiyotangazwa. Maofisa ustawi wa jamii, polisi wa dawati la jinsia na watu wa nyumba salama hukaa na wazazi, wanazungumza, wanarudi tena, na mzazi anayekubali anasaini kwamba binti akirudi hatakeketwa wala kuozwa. Wazazi wengine hukubali kikao cha kwanza, wengine hawakubali kamwe. Kwenye benchi hilo baba wa mitala na kiongozi wa kanisa wanakaa meza moja wakiwa na jambo ambalo wote wawili wanalihitaji, na hakuna anayemtaka mwenzake aachane na mke yeyote.